Lango la Upande wa Ukuta

Siku chuo cha ufundi kilipotangaza kwamba timu ya Nyundo itapata makocha wapya, tena wanne kwa mpigo, mji wa Likasi uliipokea habari hiyo kwa utulivu. Watu walikuwa na kazi zao. Lakini nyumbani kwa Papa Germain Mwansa, mwenyekiti wa kamati ya mashabiki, simu haikunyamaza tangu asubuhi mpaka maharagwe yakaungua jikoni. Wanakamati wote kumi na tisa walitaka kumpa hongera, kana kwamba ni yeye aliyejifungua.

Nyundo ni timu ya wanafunzi wa ufundi, wale wanaosomea umeme, mitambo na kuchomelea vyuma. Milingoti ya magoli waliichomelea wenyewe, na ni milingoti imara. Haijawahi kutikisika, ingawa mpira umepita katikati yake mara nyingi kuliko inavyofaa. Msimu uliopita walifungwa mabao matano na chuo cha wauguzi, na baada ya mechi wauguzi haohao wakawatibu vifundo vya miguu bila malipo. Ugenini walikuwa wakishindwa kwa sababu walifika wamechoka, wamesimama saa tatu nzima ndani ya lori. Nyumbani walishindwa pia, na kwa hilo hakuna aliyekuwa na maelezo.

Papa Germain alikuwa na miaka sitini na minane. Aliendesha kreni kiwandani kwa miaka thelathini na mmoja, akastaafu, kisha akafiwa na mkewe Alphonsine. Kilichobaki kilikuwa kiti cha plastiki chenye mikono, alichokibeba kila Jumapili kwenda nacho uwanjani, na cheo. Watu walimwita Président sokoni, walimwita Président kwenye foleni ya maji, na hata kanisani, wakati wa kupeana amani, walimshika mkono wakisema, "Amani, Président."

Sasa hapa pana jambo ambalo kamati haikulijua, na ni lazima wewe ulijue mapema, la sivyo utamdhania mzee huyu ni shabiki wa kawaida. Miaka miwili nyuma, matanga ya Alphonsine yalipokwisha, binti yake wa pekee, Laure, anayeishi Kolwezi na mumewe na watoto watatu, alikaa naye mbele ya nyumba akamwambia:

"Papa, hauwezi kubakia hapa peke yako. Kuya kwetu. Chambre iko."

"Na Nyundo nitaachia nani?"

"Papa, ile équipe haishindake."

"Njo maana! Muntu hawezi kuacha benzake mu mateso. Siku Nyundo itashinda match moja, hata moja tu, nitafunga valise, nitakuya Kolwezi."

"Unasema, papa. Mungu anasikia."

Mzee aliahidi bila wasiwasi wowote, maana wakati huo Nyundo walikuwa wamepoteza mechi kumi na moja mfululizo, na ahadi ya namna hiyo ilikuwa salama kuliko fedha benki. Si kwamba hakumpenda binti yake. Alimpenda mno. Lakini Kolwezi angekuwa baba yake Laure, mzee wa chumba cha nyuma, anayeulizwa kila saa kama amekula. Likasi alikuwa Président. Aliogopa, basi, na akaona haya kuogopa, kwa hiyo woga wake akaupa jina la uaminifu.

Tangu hapo Laure hupiga simu kila Jumapili saa kumi na mbili jioni. Huuliza, "Papa, match?" Naye hujibu, "Banatupiga, mutoto wangu." Huuliza, "Ngapi?" Hujibu, "Tatu." Laure husema, "Pole, papa," kisha wanaongea habari za wajukuu na za goti la mzee linalouma.

Na sasa, makocha wanne.

Walitambulishwa Jumamosi kwenye ukumbi wa chuo. Mashabiki walivaa fulana za kijani zilizoandikwa mgongoni "Asiyekubali kushindwa si mshindani", na hakuna timu katika Haut-Katanga yote iliyokubali kwa bidii kama ile. Kocha mkuu alikuwa Carlos Chola, mtu mkubwa wa mwili, mwenye kucheka kwa urahisi. Deborah alikuja kwa ajili ya makipa. Steve alikuja kwa ajili ya mazoezi ya viungo, akiwa na diploma ndani ya bahasha. Wa nne, Guy, alikuwa mchambuzi wa video. Alikuja na kompyuta yake, na kamera aliahidiwa. Huyo ndiye aliyepigiwa makofi kuliko wote.

"Équipe yenye iko na analyste haiwezi kushindwa tena," alisema Mama Fortunée, katibu wa kamati, ambaye siku za kazi huuza vitumbua mbele ya lango la chuo. "Ataangalia, ataona makosa."

"Ataangalia na nini? Camera haiko," mmoja akauliza.

"Itakuya."

Papa Germain alisoma hotuba ya kurasa mbili. Alipomaliza, Carlos akachukua kipaza sauti.

"Asante, Président. Mais weye, papa, ni muntu wa wapi?"

"Wa Kasenga, kule ku Luapula."

"Jamaa gani?"

"Shiye ni bena Mbushi. Bantu ba mbuzi."

Carlos akakiweka kipaza sauti mezani ili asikike vizuri zaidi. "Mbuzi! Aba bantu ni bazuri kabisa. Minye ni mwena Ngo, wa chui. Banaita chui, na chakula yake banaiweka palepale ku mulango!"

Mkuu wa chuo akatazama viatu vyake. Papa Germain, ambaye hakuwahi kucheka mbele za watu tangu siku ya mazishi, alitikisika mabega, kisha akacheka. "Chui ya wapi? Minye naona paka tu. Tena paka ya njaa."

Watu wa Chui na watu wa Mbuzi ni watani tangu enzi za mababu. Mtani hukutukana hadharani na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Huingia kwako akachukua kuku bila kuomba. Ukifa, yeye ndiye anayekubeba hadi kaburini, huku akikucheka ulivyo mzito. Zaidi ya hayo, ndiye mtu pekee anayeweza kukuambia ukweli usoni nawe ukakosa pa kununia. Mjini wengi wameyaacha mambo hayo. Hawa wawili walikuwa wa kizamani.

Msimu ukaanza. Mechi ya kwanza Nyundo walifungwa manne, ya pili mawili, ya tatu moja. Mama Fortunée aliyaandika matokeo kwenye ubao wa kamati kwa chaki.

"Ine, mbili, moja. Yenye inakuya ni zéro. Kisha tunaanza kushinda."

Kamati iliitafuta kasoro katika hesabu hiyo na haikuiona. Papa Germain aliitafuta kwa bidii kuwazidi wote. Jumapili iliyofuata sufuri ikaja kama ilivyoandikwa: sufuri kwa sufuri, dhidi ya timu ya Kipushi. Watu walikumbatiana. Yeye alirudi nyumbani akashindwa kumaliza bukari, ugali wake wa jioni, na Laure alipopiga simu, akamwambia, "Zéro-zéro," kwa sauti ya mtu aliyepewa tarehe ya upasuaji.

Jumanne, saa nne asubuhi, Carlos akaingia uani bila hodi, akamkamata kuku mwekundu aliyekuwa na afya kuliko wenzake, akamchinja. Papa Germain alimtukana kama inavyopaswa, kisha akakoka moto. Mjane wa kiume hujifunza kupika, apende asipende. Walipokaa kula, Carlos alisema:

"Papa, minye naangalia match ine sasa. Mi-temps ya kwanza bale batoto banacheza muzuri. Mi-temps ya pili banakufa. Steve anasema ni mapafu. Guy anasema camera ikuye kwanza. Basi minye nilienda mu terrain na chupa ya mayi, nikailalisha chini. Ile chupa ilikimbia, papa."

Papa Germain alitafuna polepole.

"Terrain inashuka. Kutoka ku ukuta mpaka ku rail, yote inashuka. Na saa kumi jua inasimama juu ya ukuta. Na kila match hapa nyumbani, mi-temps ya pili, Nyundo banashambulia upande wa ukuta. Banapanda mulima na jua mu macho! Niliuliza Ricky, yeye njo capitaine: juu ya nini? Anasema ni coutume. Coutume ya nani? Anaangalia chini. Niliuliza bengine. Bote banaangalia chini. Sasa minye nauliza mbuzi."

Papa Germain akaliweka tonge kwenye sahani.

Desturi ile ilikuwa yake. Miaka kumi na minne nyuma, mwaka wake wa kwanza katika uenyekiti, alipitisha azimio: mashabiki watakaa nyuma ya lango la upande wa ukuta, kwenye kivuli, na timu itashambulia upande huo kipindi cha pili, ili mabao ya ushindi yaonekane karibu na watu wanaolipa mchango. Barua iliandikwa, ikagongwa muhuri. Manahodha wanane walirithishana amri hiyo. Wageni, kila walipoelezwa kwamba wenyeji wana desturi yao, waliikubali papo hapo kwa adabu kubwa. Na hakuna mchezaji ambaye angethubutu kumwambia mzee mwenye mvi kwamba kiti chake kiko mahali pabaya.

Je, alijua? Mtu aliyeinua tani kumi kwa kamba ya chuma miaka thelathini na mmoja anajua ardhi inapoinama. Miaka ya mwanzo hakuona kwa sababu alikuwa kivulini, na kivulini ni pazuri. Miaka hii miwili aliona vizuri kabisa, akanyamaza. Mficha uchi hazai, na Papa Germain alikuwa amechoka kuficha. Alimweleza mtani wake yote, barua na muhuri, Laure na ahadi na chumba cha Kolwezi.

Carlos alicheka mpaka akapiga meza. "Kumbe! Chuo inatafuta coach miaka kumi na ine, na coach iko, anaikala ku kiti ya plastiki!" Kisha akajifuta macho, na aliposema tena hakuwa anacheka. "Papa, minye niko na batoto makumi mbili na mbili. Kila dimanche banalia mu vestiaire, mule banavaaka manguo. Banawaza ni miguu yabo njo mubaya. Ricky anataka kuacha mupira. Na weye unaogopa chambre."

Angekuwa mtu mwingine, Papa Germain angemwonyesha mlango. Lakini alikuwa mtani, na maneno yakamwingia bila kizuizi. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile ya kukaa kifuani.

"Basi uwaambie. Weye njo coach."

"Nimuambie nani? Capitaine hawezi kugeuka kama président hageuke. Fasi yenye unaweka kiti, palepale njo équipe inaenda." Carlos akachukua paja lililobaki, akalifunga kwenye karatasi, akaondoka nalo bila kuaga, kama haki yake ilivyo.

Jumapili walikuja wageni kutoka Lubumbashi, chuo cha uhasibu. Mechi ilikuwa saa tisa. Kamati ilikuwa imekwisha kukaa kivulini, ngoma zimewambwa. Papa Germain alifika na kiti chake, akawapita.

"Président! Tuko hapa!" Mama Fortunée aliita.

Hakugeuka. Alikiweka kiti kichwani, akaingia uwanjani, akaanza kuushuka wote, mita mia moja, goti likimuuma. Kwenye duara la kati mwamuzi alimsubiri apite. Wachezaji waliacha kupasha misuli. Mzee akafika nyuma ya lango la upande wa reli, mahali ambapo hapakuwa na kivuli hata cha jani, akakitua kiti, akakaa, jua likampiga usoni.

Ricky aliutazama ukuta. Akaitazama reli. Kisha akamwendea mwamuzi.

"Mi-temps ya pili tunashambulia ku rail."

Nahodha wa Lubumbashi akasema hapana, tuheshimu desturi ya wenyeji. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mgeni kuitetea. Sarafu ikarushwa. Ricky akashinda, na kwa kuwa hakuzoea, nusura asahau alichotaka kusema.

Kule ukutani kamati ilifanya mkutano wa dharura wakiwa wamesimama. Mama Fortunée alikumbusha azimio na muhuri wake. Mmoja alisema mzee amepatwa na jua; mwingine alisema hajapatwa bado, lakini sasa hivi atapatwa. Wakapiga kura. Kura zikagawanyika, na wakati wanazihesabu upya, wawili wakabeba viti vyao wakashuka. Kufikia dakika ya kumi wote walikuwa reli, chini ya miavuli, wamenuna, wanapiga ngoma.

Kipindi cha kwanza Nyundo walipanda mlima wakiwa na pumzi, na hawakufungwa. Kipindi cha pili waliteremka. Dakika ya sabini na mbili Ricky aliupata mpira karibu na katikati, akakimbia, mpira ukamzidi mbio, akaufikia kwa shida na kuupiga vibaya, huku akianguka. Haikuwa shuti la kusifiwa. Lakini mpira uliendelea kubingirika, kwa sababu mahali pale mpira hauna sababu ya kusimama. Kipa wa Lubumbashi, jua la juu ya ukuta limemjaa machoni, aliinua mkono kujikinga, na alipoushusha watu walikuwa wakipiga kelele nyuma yake.

Papa Germain hakupiga kelele. Alilia. Alifurahi kama hajafurahi tangu Alphonsine alipofariki, na katika furaha hiyohiyo alijua sanduku lake la safari liko juu ya kabati na ufunguo wake uko wapi. Alipiga makofi mpaka viganja vikamuwasha.

Filimbi ya mwisho ilipolia, wachezaji walilala chini kana kwamba wameshindwa, kwa kuwa hawakujua namna nyingine. Redio ya wanafunzi ilisema ushindi umetokana na mazoezi ya mapafu ya Steve. Mama Fortunée aliandika kwenye daftari la kamati kwamba umetokana na uchambuzi wa video, na Guy akapokea hongera kwa unyenyekevu. Kamera ilikuwa haijafika. Carlos alipita nyuma ya kiti cha plastiki, akasema "Mbuzi" tu, akamshika mzee bega.

Saa kumi na moja na nusu Papa Germain alikuwa nyumbani. Aliweka simu mezani, akakaa mbele yake. Saa kumi na mbili ikafika, simu haikulia. Akadhani ni mtandao. Robo ikapita. Akadhani Laure anapika, au mtoto ana homa. Ilipofika saa kumi na mbili na nusu akaanza kufikiri jambo jingine: Kolwezi nani anafuatilia ligi ya vyuo? Nani atamwambia? Neno moja tu, "zéro-zéro", na angebaki. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ingemfikisha Jumapili ijayo, na Jumapili ijayo watacheza ugenini.

Alikaa na wazo hilo kwa muda mrefu kuliko ambavyo angependa ijulikane. Kisha akamkumbuka Ricky alivyokaa chini baada ya mechi, akiitazama miguu yake kama ya mtu mwingine. Akachukua simu, akabonyeza namba mwenyewe.

"Laure."

"Papa."

"Tunashinda."

Upande wa pili alisikia sahani, na televisheni ya watu. Kisha akatambua kwamba binti yake analia.

"Najua, papa. Moja-zéro. Ricky, minute makumi saba na mbili."

"Nani anakuambia?"

"Hakuna muntu. Minye niko mu groupe ya WhatsApp ya basupporters, miaka mbili sasa. Niliingia na jina ya bwana yangu." Alivuta pumzi. "Kila dimanche, ku misa ya asubui, naombeaka Nyundo. Mupira siipende, papa, hata kidogo. Mais najua bajoueurs bote, jina na numero. Basaidizi ba coach, najua. Siku balileta bale bapya ine, sikulala juu ya furaha. Nilisema, sasa papa atakuya."

Papa Germain alibadilisha simu sikio.

"Na leo haukuita," alisema.

"Niliogopa. Nilisema, kama minye naita, atanidanganya, na minye nitasikia anadanganya, na sitajua kufanya namna gani. Nikasema nitangoja. Kama anaita yeye mwenyewe, anakuya."

Mzee alikuwa anaisikia sauti yake mwenyewe ya Jumapili zote zile, miaka miwili: banatupiga, mutoto wangu, tatu, mutoto wangu, tano. Alikumbuka jinsi ilivyokuwa nyepesi sauti hiyo, jinsi alivyoyatamka mabao kama mtu anayesoma namba za bahati nasibu aliyoishinda. Na upande wa pili mtoto wake alikuwa amekwisha kuyajua, ameyaombea yasiwe, na bado aliuliza ili amsikie akifurahi, kisha akasema pole.

"Bus ya Kolwezi inatokaka saa ngapi?" aliuliza.

"Saa moja ya asubui, papa. Kila siku."

"Kesho hapana. Kesho niko na réunion ya comité, nimupatie Fortunée kiti."

Laure alicheka ndani ya machozi. "Kesho kutwa basi, mardi."

"Mardi," alisema Papa Germain.